Masharti kuliko mganga: kuwaelewa watu wa baiskeli za barabarani

Jumamosi saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Bagamoyo Road, daladala hazijaanza kujaa. Ukiwa umesimama kituoni Tegeta unasikia kitu kabla hujakiona, mlio kama wa mzinga wa nyuki unaosogea, afu ghafla wanapita watu kama kumi na tano wamebanana, tairi la huyu karibu liguse la yule, nguo zimewakaba mpaka unaona aibu wewe unayeangalia. Wa mbele anaelekeza kidole chini, hasemi kitu. Wa pili naye, wa tatu naye, mpaka wa mwisho, na wote wanalikwepa shimo lilelile kama nyoka mmoja. Wakishapita lazima bodaboda mmoja atoe neno. Siku hiyo nilikuwa pale nasubiri gari, jamaa akasema, "Hizi baiskeli hazina hata keria, sasa wanabeba nini?"

Swali la maana kuliko yeye alivyodhani. Huku kwetu baiskeli ni ya kazi. Phoenix inabeba mkaa, inabeba maziwa, kreti za soda, mgonjwa, watoto watatu wa shule. Sasa anakuja mtu mzima, pengine gari analo nyumbani, ameacha kitanda usiku wa manane, anapanda baiskeli isiyo na keria wala madigadi wala kengele wala stendi, ya bei ya bodaboda mpya au zaidi, anaenda nayo Bagamoyo, anakunywa chai, anarudi. Na ukimwambia nawe unataka kwenda naye anaanza kukupa masharti utafikiri umeenda kwa mganga: soksi zisiwe fupi vile, usipige breki ghafla, zamu yako ikifika usiongeze spidi, jezi ya njano hata kama unaipenda usiivae, miguu ukiweza nyoa, na siku ukiingia kwenye mashindano ukapewa namba 13 ibandike kichwa chini miguu juu.

Mi niliingia nikidhani zote ni mbwembwe za watu wenye hela. Nyingine ni mbwembwe kweli, sitakudanganya. Ila nyingi ukizifuatilia mpaka chanzo chake unakuta zimetoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo anaitwa upepo.

Upatu wa upepo

Ukitembea kwa miguu hewa huisikii. Ukiwa kwenye baiskeli inayoenda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tambarare, zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zako zinaliwa na hewa, sio uzito wa baiskeli, sio lami, ni hewa tu unayoisukuma ikupishe. Na hewa haina huruma, ukitaka kwenda spidi mara mbili inakupinga mara nne, na nguvu unazotakiwa kutoa miguuni zinakuwa mara nane. Ndo maana hata uwe na mapafu ya ng'ombe peke yako utafika mahali utagota.

Ila ukikaa nyuma ya mtu, nusu mita hivi, yeye anakata hewa na wewe unapita kwenye tundu aliloliacha. Unaokoa kama robo ya nguvu zako, siku nyingine theluthi na zaidi. Mkiwa wengi ndo hesabu inakuwa ya ajabu kabisa. Mwaka 2018 timu ya mtafiti Bert Blocken wa Eindhoven, Uholanzi, ilipima kundi la waendeshaji 121 kwa kompyuta na kwa handaki la upepo, yaani chumba cha kupulizia upepo wa kupimia, wakakuta kwamba waliofichwa ndani kabisa ya kundi wanakutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa anaokutana nao mtu aliye peke yake. Yaani jamaa wa katikati anaenda spidi ya mashindano huku mwili wake unaona kama anaenda dukani.

Hilo niliambiwa baadaye, mwili wangu ulikuwa umeshalijua. Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba, msimu wa kusi, na anayeijua pwani ameshajua ninapoelekea. Kwenda Bagamoyo kusi linakusukuma mgongoni, nikajiona bingwa, nikawa najiuliza hawa watu wanaogopa nini. Kurudi likawa usoni. Pale Mapinga nikapoteza mita tatu tu kwa mtu aliyekuwa mbele yangu, mita tatu, nikasema nitazifidia sasa hivi, zikawa kumi, zikawa thelathini, nakanyaga mpaka macho yanaona nyota na wale watu wanazidi kuwa wadogo. Mzee mmoja akapunguza akanisubiri, hakunigombeza, akasema tu, "Njoo mgongoni. Angalia kiuno changu, usiangalie tairi." Nikasogea, nikasogea tena, kuna sehemu ukifika makelele ya upepo masikioni yanakatika paaap kama mtu amefunga dirisha la daladala. Kimya. Nikaanza kusikia cheni yangu mwenyewe.

Ukishapaelewa hapo masharti mengi yanajieleza yenyewe, maana kinachoendelea pale ni upatu. Si unajua mchezo wa kina mama mtaani, kila mtu anatoa, kila mtu ana zamu ya kupokea, na kijumbe anasimamia? Hapa kinachochangwa ni kifua. Unakaa mbele dakika moja au mbili unakula upepo kwa niaba ya wenzako, unasogea pembeni, unajiachia kurudi nyuma taratibu, unapumzika mpaka zamu yako irudi. Ndo maana ukifika mbele hutakiwi kuongeza spidi kwa kujionyesha, kwa sababu aliyetoka hapo sasa hivi amechoka, ukiongeza hatapata mkia wa kushika, ni sawa na kumla pesa zake. Ndo maana hupigi breki, nyuma yako nusu mita kuna mtu asiyeona chochote zaidi ya kiuno chako. Vidole vinavyoelekeza mashimo, mkono unaopigwa nyuma ya mgongo kwamba kuna gari limesimama, kelele za "tuta!", zote ni kwa sababu wa mbele ndo macho ya wote. Hata kupenga kamasi kuna adabu yake, unatoka pembeni kwanza, unaangalia upepo unaelekea wapi, mengine malizia mwenyewe.

Na kama ilivyo kwenye upatu, kuna kupe. Huyu anakaa nyuma kilomita 60 hajagusa mbele hata mara moja, afu zikibaki mita 300 kufika kwenye chai anachomoka kama mshale na mikono juu. Aliyechoka kukaa nyuma ni ruhusa kabisa, anasema tu "leo sina" na hakuna anayemuuliza. Kupe ni yule aliyekuwa nazo.

Wanaoshindana kwa mshahara nao ni upatu huohuo, ila humu wanachama ni maadui. Watu wanne wa timu nne tofauti wanatoroka mbele ya kundi, wanapokezana upepo vizuri kama ndugu kwa saa nne, maana mmoja akigoma wote wanakamatwa, afu kilomita ya mwisho wanaanza kuangaliana kwa pembe ya jicho nani atamsaliti nani kwanza. Upepo ukitokea ubavuni ni balaa zaidi, hapo mahali pa kujificha ni pembeni na sio nyuma, kwa hiyo watu wanajipanga mshazari, na barabara ina upana wake, ikishajaa wanaobaki wanaishia ukingoni mwa lami wamepigwa upepo mzima mzima. Dakika tano za hivyo zinaweza kummaliza mtu aliyejiandaa mwaka mzima kushinda milimani.

Anayeshinda mmoja, wanaolipwa wote

Hili ndo linalowachanganya wengi wanaoangalia Tour de France, mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Ufaransa, mara ya kwanza. Siku 21 za mashindano, kilomita zaidi ya 3,000, timu ina watu nane, jukwaani anapanda mmoja. Wale saba walikuwa wanafanya nini?

Walikuwa wanakula upepo. Wanaitwa domestiki, neno la Kifaransa lenye maana ya mtumishi wa nyumbani, na lilianza kama tusi. Kazi yao ni kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa za maji mgongoni ndani ya jezi mpaka wanatoka nundu kama ngamia, kupanda nazo tena mbele kuzigawa. Tairi la bosi, yaani yule wanayemtafutia ushindi, likipasuka domestiki anampa lake. Mlima ukikaribia anamvuta bosi mpaka miguu inagoma, anasogea pembeni, na safari yake ya siku hiyo imeisha, anafika nusu saa baada ya wengine na hakuna kamera inayomuuliza kitu. Basi mila inasema bosi akishinda ile zawadi ya pesa, ambayo kwa mshindi wa Tour ni euro 500,000, inaingia kwenye kapu la timu na kugawanywa. Bingwa akiing'ang'ania peke yake mwakani atatafuta mtu wa kumkinga upepo asimpate.

Kumngoja mwenzio

Sheria inayogombanisha watu kuliko zote haijaandikwa popote: kiongozi wa mashindano akianguka, akiharibikiwa, au akisimama kujisaidia, usimshambulie. Mtu akisikia hivyo anacheka. Ila fikiria, hawa wanakutana kila siku wiki tatu, na mwezi ujao wanakutana tena kwingine. Leo kwangu kesho kwako sio maneno ya kupamba khanga pale, ni bima.

Zamani wenye mashindano hawakutaka kusikia habari za kusaidiana. Mwaka 1913 kwenye Tour, Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa tairi la mbele akishuka mlima Tourmalet, akaibeba baiskeli begani, akatembea kilomita kadhaa mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi akauunga mwenyewe kwa mikono yake, maana kanuni zilikataza kusaidiwa, na msimamizi amesimama pale anamwangalia. Wakamkata muda hata hivyo, kwa sababu kijana wa pale alimvukutia moto. Na huyuhuyu Christophe mwaka 1919 ndo akawa mtu wa kwanza kuvaa jezi ya njano, ya anayeongoza Tour kwa jumla ya muda. Kanuni za mabosi zilikuwa za kikatili namna hiyo, kwa hiyo adabu ya kungojana waliitunga waendeshaji wenyewe kwa ajili yao wenyewe.

Inafuatwa? Inategemea. Mwaka 2022 kwenye siku ya Tour ya kwenda mlima Hautacam, Tadej Pogačar aliteleza akaanguka kwenye mteremko, Jonas Vingegaard aliyekuwa na jezi ya njano akapunguza akamngoja, mwenzake alipomfikia wakashikana mikono huku wanaendesha, kisha Vingegaard akaenda kumpiga vizuri tu mlimani. Hiyo ndo picha wanayoipenda wote. Mwaka 2017 kwenye Giro d'Italia, yaani Tour ya Waitaliano, Tom Dumoulin tumbo lilimkatika kabla ya mlima wa mwisho, akiwa kiongozi, ikabidi aruke kwenye majani pembeni ya barabara mbele ya kamera za dunia nzima, wapinzani wakaangaliana kidogo afu wakaendelea, akapoteza zaidi ya dakika mbili. Akaja kushinda Giro yenyewe kwa sekunde 31.

Na kuna ile ya 2010. Andy Schleck, jezi ya njano, anashambulia karibu na kilele cha Port de Balès, cheni inachomoka. Alberto Contador anampita na haangalii nyuma. Siku ile alipata sekunde 39 akavua mtu jezi, jukwaani akazomewa, usiku akarekodi video kuomba radhi. Tour ilipoisha alishinda kwa sekunde ngapi? 39. Miaka miwili baadaye Contador akanyang'anywa ushindi kwa kosa la dawa, ukapewa Schleck, kwa hiyo hata huwezi kusema nani alipata nini. Mi nipo upande wa Contador kwa siku ile, cheni kuchomoka ukiwa unashambulia sio sawa na kuanguka, ni sehemu ya mchezo, na kwa msimamo huu kuna watu wawili kwenye kundi letu tukifika kwenye chai wanahama meza.

Sasa mbwembwe zenyewe

Miguu kunyolewa, kila mtu ana sababu yake. Ukianguka kidonda kinasafishika bila nywele, ukikandwa mafuta hayavuti. Ni kweli, ila wengi wetu hatukandwi na mtu na hatuanguki kila wiki. Kampuni ya Specialized ya Marekani iliwahi kupima kwenye handaki lake la upepo ikasema mguu ulionyolewa unaokoa zaidi ya dakika moja kwenye kilomita 40, na hao ni watu wanaouza baiskeli kwa hiyo chukua na chumvi yako. Ukweli ni kwamba ni kitambulisho, kama chale. Mtu akikuona stendi ya mafuta miguu inang'aa anajua we ni wa kule.

Soksi ndo zinachekesha, maana unaweza kudhani ni fasheni tupu kumbe zimeandikiwa kanuni. Kuna vitambaa vyenye mistari vinavyopitisha hewa vizuri kuliko ngozi, timu zikaanza kurefusha soksi kuelekea magotini, basi shirikisho la dunia likaweka kikomo, soksi isipite nusu ya urefu kati ya kifundo cha mguu na goti, na siku ya mashindano kuna afisa kabisa na kipimo chake anapima soksi za watu wazima. Upepo tena.

Jezi ya njano ni ya kiongozi wa Tour, na rangi ilikuwa ya karatasi za gazeti la L'Auto lililoanzisha mashindano hayo 1903. Kuivaa hujaishinda ni kama kuvaa gwanda la jeshi hujapita depo. Hivyohivyo mistari ya upinde wa mvua, ni ya bingwa wa dunia, na akishapokonywa ubingwa anabaki na haki ya kuweka vimistari kwenye ukingo wa mikono maisha yake yote. Namba 13 kugeuzwa sina maelezo, ni nuksi tu.

Kahawa nayo ina historia yake, Eddy Merckx alishinda Tour yake ya kwanza mwaka 1969 akiwa amevaa jina la Faema kifuani, watengenezaji wa mashine za kahawa za Italia. Wazungu wanaona kusimama katikati ya safari kunywa kahawa na kupiga soga ni utamaduni wa pekee. Sisi wa pwani na kahawa chungu yetu na kashata kijiweni hatukuhitaji kufundishwa hilo.

Mashabiki wao nao ni habari nyingine. Tour haina tiketi, mtu anapanda mlimani siku mbili kabla, analala kwenye gari, anasubiri kitu kitakachopita kwa dakika chache. Alpe d'Huez ina kona 21 na kona ya 7 ni ya Waholanzi, rangi ya machungwa tupu. Uzuri wake ni kwamba sehemu kubwa ya njia haina uzio, na ubaya wake ni huohuo. Julai 14, 2016 kwenye Mont Ventoux watu walijaa barabarani mpaka pikipiki ya kamera ikasimama ghafla, Richie Porte akaigonga, Chris Froome aliyekuwa nyuma yake naye akaanguka, baiskeli yake ikavunjika, gari la timu limekwama huko nyuma, basi mtu mwenye jezi ya njano akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima. Na vile viatu vina kidude kigumu chini cha kunasa kwenye pedali, kukimbia navyo ni kama kukimbia na kwato.

Huyo Froome ni mzaliwa wa Nairobi, na ujana wake alikuwa anafanya mazoezi na David Kinjah na vijana wa Safari Simbaz kule Kikuyu, kabla hajaenda kushinda Tour mara nne. Ila siku iliyonitoa machozi mimi ni Julai 1, 2024, Biniam Girmay wa Eritrea kushinda Turin, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda siku ya Tour, na akaongeza mbili na kuondoka na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi. Wanaojua Asmara, mji mkuu wao, hawakushangaa, baiskeli ililetwa na Waitaliano na watu wakaifanya yao, mashindano yao ya kuzunguka nchi yalianza 1946. Afu Septemba 2025 mashindano ya dunia yenyewe yakaja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, kilomita 267.5 za vilima kwa wanaume, na kwenye kipando kikali cha mawe wanachokiita Ukuta wa Kigali watu walipanga mistari wamejaa mpaka juu ya mapaa. Pogačar alichomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Waliomaliza hawakufika hata robo ya walioanza.

Narudi kwenye keria. Mwaka juzi, kusi lilelile, tunarudi tumechoka, watu tisa, hakuna anayetaka kukaa mbele. Karibu na Bunju mzee mmoja mwenye Phoenix, tenga la samaki limefungwa nyuma kwa mpira, akajishikiza mkiani mwetu. Tukadhani ataachwa. Hakuachwa, ndala kwenye pedali, hapumui hata kwa sauti. Zamu zikawa zinazunguka, wa mbele anatoka, anayefuata anashika, mpaka ikafika kwake, na bila kuambiwa na mtu akasogea mbele akashika zamu yake. Tenga lilikuwa pana kuliko mgongo wa yeyote kati yetu. Harufu ilikuwa kali, na mi niliona kwa macho yangu watu wazima wenye baiskeli za kaboni wanapigana viwiko kugombania kukaa nyuma ya samaki.

Tegeta akakata kona, akainua mkono, akauliza, "Kesho mnapita saa ngapi?"